Upinde wa kwanza huku Marekani: pimwa mikono kabla hujatoa pesa

Ndugu zangu wa Mombasa na pwani yote mlioko Marekani, naandika hii manake kila msimu wa kulungu ukikaribia naona vijana wetu wanaulizana ninunue upinde gani, na wanajibiwa majina ya kampuni tu. Kampuni si hoja. Hoja ni upana wa mikono yako na nguvu za mabega yako, na duka lisilokupima hivyo viwili linataka pesa zako tu. Mimi liliniumiza duka la aina hiyo na pesa yangu haikurudi, kwa hivyo nisikizeni.

Sheria kwanza, haraka haraka. Unafanya kozi ya usalama wa uwindaji, unakata leseni ya jimbo lako, unachukua tagi ya kulungu, ile karatasi ya kumfunga mnyama ukimpata, halafu uliza kama jimbo lako linataka pia kibali au kozi ya upinde. Leseni ya mkaazi ni bei ya chini kuliko ya mgeni, ila kila jimbo lina muda wake kabla hujahesabiwa mkaazi, Texas kwa mfano ni miezi 6, na usijaze uongo kwenye ile fomu kwa sababu ya kuokoa dola mia, wewe mwenye faili uhamiaji unajua uongo kwa serikali unavyokufuata. Mlioko Uingereza na Ujerumani, huko kuwinda kwa upinde ni marufuku kabisa, nyinyi ni shabaha ya kiwanjani tu.

Sasa mtego. Unaingia duka la pinde, kijana wa kaunta anakuchangamkia, anakuita rafiki, halafu anakushushia ule uliokaa ukutani hauna mnunuzi. Mimi nilipewa wa kompaundi, wale wenye magurudumu, uzito wa kuvuta, yaani nguvu unayotumia kuuvuta uzi, pauni 70, urefu wa mvuto, yaani uzi unavutwa mpaka wapi, inchi 30, na mikono yangu inataka wa inchi 28. Hakunipima. Nikamuuliza mbona unanivuta hivi, akasema utauzoea. Upinde uliozidi mkono wako hauzoeleki! Uzi unakuchapa mkono wa mbele, kichwa unakirudisha nyuma kuutafuta uzi, kile kitundu cha kuchungulia hakiji mbele ya jicho, na bega linaanza kuuma usiku. Niliporudi dukani nikaonyeshwa risiti, chini kabisa kwa herufi ndogo, ikishauzwa hairudishwi. Kubadilisha vile vipande vya kwenye magurudumu vinavyopanga urefu ni pesa nyingine, na uzito haushuki chini ya 60 manake pinde nyingi za pauni 70 hushuka pauni 10 hivi tu. Nikawaandikia benki wanirudishie, wakanijibu saini ni yako.

Hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Nyumbani kila risiti ya Biashara Street imeandikwa mali ikiuzwa hairudi na tunajua, tunakagua kitambaa mpaka mwenye duka anachoka. Tukifika huku tunaona maduka makubwa yanarudisha hata kiatu kilichovaliwa, tunadhani nchi nzima iko hivyo. Haiko hivyo. Mmarekani atakuchekea, atakuuliza habari za familia, lakini siku ya ugomvi anaangalia karatasi tu, na karatasi ukishaisaini hakuna mzee wa mtaa wa kwenda kuwapatanisha. Kwa hivyo pimwa kwanza, halafu uliza wanarudisha vipi, na jibu liandikwe kwenye risiti. Likiwa la mdomo si jibu.

Kupima unaweza hata nyumbani. Simama, nyoosha mikono yote miwili kama msalaba bila kujivuta, mtu akupime kwa futi ya fundi kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Inchi 70 zinakupa 28. Ukiwa katikati ya vipimo viwili chukua mfupi, usichukue mrefu. Uzito wa kuvuta nao una mtihani wake: kaa kwenye kiti, nyanyua miguu, uvute upinde taratibu huku umeelekea mbele. Ukilazimika kuuelekeza juu ndio uvutike basi umekuzidi, hata muuzaji aseme nini. Majimbo mengi yanakubali pauni 40 kwa kulungu, mengine chini kidogo, na 50 zinatosha kabisa. Vijana wananiambia ati Wawaata, wale wawindaji wetu wa jadi wa kule Tsavo, walivuta zaidi ya pauni 100 na kuangusha ndovu. Ni kweli, lakini walikua nao ule upinde tangu utotoni na mshale ulikuwa na sumu. Wewe umetoka zamu ya usiku ghalani.

Kwa anayeanza mimi nasema nunua unaopangika, mfano Bear Cruzer G2 au Diamond Infinite Edge Pro, zote zinaenda kutoka pauni 5 mpaka 70 na urefu unabadilishwa bila kununua vipande vingine. Hata hivyo pimwa. Na angalia jicho lako lenye nguvu ni lipi, wengine wana mkono wa kulia na jicho la kushoto.

Vifaa, usijazwe begi. Saiti ya pini tatu ya kulengea, kishika mshale, podo la kufunga kwenye upinde, na rilizi, kile kifaa cha kuvutia na kuachia uzi, ya kufunga kifundoni. Stabilaiza, ile fimbo ya mbele ya kutuliza upinde, itasubiri. Mishale usiokoteze, ugumu wake lazima ulingane na upinde, namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye mshale ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi, na uzito wa mshale usipungue greni 5 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa kila pauni unayovuta. Kila mshale wa kaboni ukunje kidogo usikize kabla hujaurusha, ukiwa na ufa unaweza kupasuka ukaingia mkononi. Vigumba viwe vikali kama wembe, fanya mazoezi navyo hivyo hivyo, na Waislamu wenzangu Bismillahi ni pale unapoachia, ukimkuta bado yuko hai unamchinja, kwa hivyo kisu kizuri nacho ni kifaa. Ukipanda kiti cha kuwindia juu ya mti jifunge mkanda kuanzia chini, watu wanaanguka kule.

Wageni wakija nyumbani ufungie upinde. Binamu akiuvuta na kuuachia bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye upinde wenyewe na uzi, unaweza kuvunjika usoni kwake, na hakuna duka litakalokulipa.

Na nyinyi wapenzi wetu wa Kisauni na Likoni mnaotuma meseji niletee mmoja tukawinde Shimba Hills, tunawapenda lakini tulieni. Kuwinda Kenya kumefungwa tangu 1977 na sheria ya 2013 imekaza zaidi, mnalijua hilo, KWS, wale askari wa wanyamapori, mnawajua. Msimtie mtoto wa watu mashakani pale uwanja wa ndege wa Moi kwa sababu ya picha ya Fesibuku.

Mnaoanza mwaka huu, kozi ifanyeni kabla ya mwezi wa nane manake karibu na msimu nafasi hujaa, na futi ya fundi mwende nayo dukani.