Wakubwa kuwashika mkono wadogo baada ya vipindi

Kama upo Dodoma, iwe Nkuhungu au Chang'ombe, anza na wanafunzi wachache tu, mmoja wa kidato cha tatu na wawili wa kidato cha kwanza, maana hawa ndo wanahangaika sana, wengi msingi walisoma kwa Kiswahili sasa ghafla kila kitu Kiingereza. Kutaneni saa kumi jioni chini ya mti hapohapo shuleni, mwalimu awe anawaona, sio kujifungia darasani. Kaka au dada asianze na daftari, aulize kwanza "umekula?", mdogo atafunguka mwenyewe taratibu, mi nimeliona hili. Ila siri ina mpaka jamani, akisema anapigwa au anashikwashikwa, mwalimu wa malezi aambiwe siku hiyohiyo, au pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.