Kabla ya Kumpeleka Mbwa Kuhasiwa: Mambo ya Kuzingatia

Watu husema "kuhasi" kwa dume na jike, lakini si kazi moja. Dume hukatwa kidogo mbele ya pumbu na korodani zote mbili hutolewa. Jike hufunguliwa tumbo, ovari zikatolewa, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Huo ni upasuaji mkubwa, hata kama mbwa anarudi nyumbani jioni akitembea kwa miguu yake.

Umri. Mbwa mwenye umbo dogo anaweza kufanyiwa akifika miezi 6 hivi. Mwenye umbo kubwa mwache amalize kukua, miezi 12 hadi 18, kwa sababu homoni za uzazi husaidia mifupa kuacha kurefuka kwa wakati wake; akiwahiwa, viungo vinaweza kumsumbua baadaye. Kwa jike kuna hesabu nyingine: akifanyiwa kabla ya joto la kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha kutaka dume, hatari ya uvimbe wa matiti hushuka sana, na faida hiyo hupungua kila joto linapopita. Kama jike wako ni wa umbo kubwa, hesabu hizi mbili zinavutana, basi kaa na daktari wa mifugo mzipime. Ile imani kwamba lazima azae mara moja kwanza haina msingi. Iache.

Jike akiwa kwenye joto, usimpeleke. Mishipa ya uzazi imejaa damu wakati huo na kuvuja ni rahisi. Joto huchukua wiki 2 hadi 3. Likiisha, ngoja miezi 2 hadi 3 zaidi. Andika tarehe, usitegemee kumbukumbu. Hali isiyosubiri ni moja: wiki chache baada ya joto, jike anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa mno, amekataa chakula, pengine usaha unamtoka ukeni. Mfuko wa uzazi umejaa usaha. Mpeleke siku hiyohiyo, na kama tumbo linajaa bila usaha kutoka, kimbia zaidi, maana mfuko unaweza kupasuka.

Dume mpapase kabla. Korodani ziwe mbili. Kama moja haijashuka, imebaki tumboni au kwenye kinena, na daktari lazima ajue mapema kwa sababu itabidi aitafute. Usikubali itolewe ile ya nje peke yake. Iliyojificha ndiyo yenye hatari kubwa ya kugeuka saratani, na itaendelea kutoa homoni.

Chakula: mbwa mzima asile tangu usiku wa kuamkia operesheni, maji anywe mpaka asubuhi. Mtoto wa mbwa hafungi muda mrefu hivyo, sukari yake ya damu hushuka upesi, kwa hiyo uliza saa kamili. Dawa ya usingizi hulegeza koo, na matapishi huingia mapafuni. Akiiba hata kipande cha mkate alfajiri, sema. Taja pia dawa anazotumia, na kama amewahi kuugua homa ya kupe.

Sasa nyumbani. Siku ya kwanza atalala, atayumba, hatataka kula. Mpe joto na chakula kidogo. Siku ya kuogopa ni ya tatu, anapochangamka. Tumbo la jike limeshonwa matabaka matatu: ukuta wa misuli, mafuta, kisha ngozi. Ngozi hufungana upesi. Ukuta wa misuli hauna haraka, siku hizo umeshikiliwa na uzi tu. Mwenye mbwa anaona mshono mkavu, anamfungulia. Mbwa anaruka ukuta kufuata paka, uzi wa ndani unaachia, na nje huoni kitu. Jioni kunatokea uvimbe laini kwenye mshono. Ukiubonyeza unarudi ndani, ukiuachia unatoka. Watu huukanda kwa maji ya moto. Ni kosa kubwa, kwa maana hayo ni mafuta ya tumboni au utumbo wenyewe uliopenya. Uvimbe mdogo mgumu juu ya mshono, usioumia wala kukua, huwa ni mwili unaupokea uzi, nao huyeyuka taratibu. Ule laini unaorudi ndani ni wa daktari, usiku uleule.

Kwa hiyo siku 10 hadi 14 haruki, hapandi ngazi, hachezi na wenzake. Anatoka kwa kamba, dakika chache za kujisaidia, anarudi. Koni ya shingoni, ile ya kumzuia asilambe mshono, haivuliwi, hasa usiku, na ipite ncha ya pua. Mate hayaponyeshi mshono. Mbwa akipata nafasi ya dakika chache hung'oa nyuzi kwa meno ya mbele, moja baada ya nyingine. Utumbo ukitoka nje, usiurudishe: ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi ya chumvi kidogo, mzungushie shuka, usimpe chakula, nenda.

Mwinue mdomo wa juu umtazame fizi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi zilizopauka na tumbo linalojaa ni damu inavuja ndani.

Usimpe paracetamol, ibuprofen wala diclofenac za binadamu. Usimwogeshe, usipake majivu, mafuta wala spiriti.

Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kupachika mimba kwa wiki 4 hadi 6. Mtenge na majike. Pumbu kuvimba kidogo ni kawaida. Ikirudi ukubwa wa zamani na kuwa nyeusi, damu imejaa humo, mara nyingi kwa sababu amekimbia.

Baadaye punguza chakula kwa kama robo, maana hamu ya kula hupanda huku mwili ukihitaji kidogo. Mbavu uzisikie kwa vidole bila kukandamiza. Kuzurura na kupandapanda hupungua, lakini mbwa anayeng'ata kwa woga ataendelea kung'ata. Jike aliyehasiwa akianza kulowesha anapolala, usimpige, mkojo unamponyoka na dawa ipo. Na nyuzi usizitoe mwenyewe kwa wembe, hata zikionekana zimelegea.