Gari halishiki sailensi: tafuta hewa kwanza, skrubu iache

Kwa miezi minne, kila nilipofika kwenye taa nikitoka kazini, nilikuwa narudisha gia N na kukanyaga mafuta kidogo ili gari lisizime, maana sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ilikuwa haishiki. Ni Corolla AE100, injini ya 5A-FE, otomatiki, niliyoachiwa na mjomba. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na kazi ya gereji sijawahi kuifanya. Haya nimejifunza nyuma ya nyumba, siku za Jumamosi, boneti likiwa wazi. Naandika kwa sababu ugonjwa wote ulikuwa kwenye kipande cha mpira chenye urefu wa kiganja, na kabla sijakigundua nililipa mara mbili watu wakanizungushia tu skrubu ya kupandishia sailensi.

Skrubu inapendwa kwa sababu inafanya kazi palepale. Sailensi inapanda, gari halizimi, unaondoka umefurahi. Baada ya siku chache ukiweka D gari linavuta lenyewe kama punda aliyeona maji, mafuta yanakwisha mapema, na tatizo liko pale lilipokuwa.

Kabla ya kushika spana, chukua kalamu. Injini ikipata moto na AC ikiwa imezimwa, mshale wangu wa RPM hukaa kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika. Andika wako unakaa wapi asubuhi kukiwa na baridi, unakaa wapi injini ikishapata moto, na unafanya nini ukiwasha taa na AC. Mshale unaopanda na kushuka wenyewe mara nyingi ni hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia bila kupita kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini unaofunguka ukikanyaga mafuta. Injini inayotetemeka kwa mpigo uleule ina silinda isiyochoma vizuri. Ikizima kila AC inapowaka, fikiria uchafu kwenye throto na vali yake ya sailensi. Ikibaki juu hata baada ya kupata moto, tazama kwanza kama waya wa akselereta umekaza mno.

Halafu fungua kifuniko cha rejeta utazame maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Watu wanashangaa nikiwaambia hivi. Kwenye Toyota hizi maji ya injini hupita pia kwenye vali ya sailensi chini ya throto, na maji yakipungua au yakiingia hewa, sailensi inahangaika. Tena sisi wa Dodoma tunajua maji yetu yanavyoacha ukoko mweupe kwenye birika la chai. Ukoko huohuo unajengeka ndani ya injini. Weka kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, usiweke maji ya bomba.

Sasa hewa. Injini ikiwa sailensi, kisahani cha throto kimefungwa karibu kabisa huku pistoni zinavuta, kwa hiyo ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, kuna mvuto mkubwa. Ufa ambao hutauhisi ukiwa kasi, hapo unatosha kuvuruga kila kitu. Na mipira yetu inapasuka mapema: kuanzia Mei hadi Novemba hapa hainyeshi, jua ni kali, na joto la injini linamalizia. Vuta breki ya mkono, weka P, washa, kisha minya kila mpira wa hewa kwa koleo lililofungwa kitambaa, mmoja baada ya mwingine, ukianza na ule mnene unaoenda kwenye buta ya breki, ile ngoma inayolainisha pedeli. Mlio ukibadilika ghafla, hapo kuna jambo. Kwenye maungio ya manifoldi nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, mbali na distributa inayogawa umeme na waya za plagi. Wapo wanaonyunyizia dawa ya kabureta. Inaonyesha haraka zaidi, lakini inashika moto, na mimi nina watoto wanaozunguka uani.

Ufa wa gari langu haukuonekana kwa njia hiyo. Ulionekana kwenye plagi. Nilizifungua zote nne zikawa nyeusi kama sufuria la kuni, na hapo nikajiuliza kwa nini injini inapewa mafuta mengi hivyo. Injini hii haipimi hewa inayoingia moja kwa moja. Kuna sensa ndogo, imefungwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, inayopima mvuto wa manifoldi kupitia mpira mwembamba. Ule mpira ulikuwa na ufa mwishoni, unaofunguka ukiupinda tu. Hewa ya nje ikiingia, sensa inaona mvuto ni mdogo, kompyuta inadhani injini imebeba mzigo, inaongeza petroli. Taa ya injini haikuwaka kwa sababu sensa yenyewe ilikuwa nzima. Nilikata sentimita mbili zenye ufa, nikaurudishia, gari likatulia siku hiyohiyo. Baadaye nilinunua mpira mpya wa hewa. Usiweke mpira laini wa plastiki, unajikunja ndani kwa mvuto.

Kama mipira yote ni mizima, safisha throto. Vumbi letu la barabara za mitaani likichanganyika na mvuke wa oili hufanya utando mweusi nyuma ya kisahani. Zima gari, toa bomba la hewa, tumia dawa ya kabureta, kitambaa na mswaki wa zamani. Usikwangue kwa kisu. Ukimaliza chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI (mfumo wa petroli unaoongozwa na kompyuta) dakika moja ili kompyuta ijifunze upya. Na filta ya hewa ipigwe upepo kutoka ndani kwenda nje, la sivyo unalisukuma vumbi ndani zaidi.

Kutafuta silinda mgonjwa, chomoa soketi ya umeme ya nozeli, kipuliza petroli cha kila silinda, moja moja injini ikiwa inanguruma. Ile ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki ndiyo hiyo. Usichomoe waya za plagi kwa mkono, umeme wake unarusha mtu.

Taa ya injini ikiwa inawaka, kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kustati, uhesabu inavyomweka. Kumweka haraka bila kituo maana yake hakuna kosa. Mbili, kituo, mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Hiyo unaipima kwa mita: kwenye nyuzi 20 iwe kati ya kilo-omu 2 na 3, kwenye nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 0.2 na 0.4. Mimi niliipima kwenye sufuria jikoni pamoja na kipimajoto cha maabara.

Yote yakishindikana, mpelekee fundi apime kompresheni na presha ya petroli, na umwambie ulichokwisha kukipima. Wa kwangu aliniuliza, "Mwalimu, skrubu hii nani kaichezea?" Tukairudisha pamoja: tuliifungua hadi isiguse mkono wa throto kabisa, tukaikaza hadi iguse, tukaongeza robo mzunguko, kisha akaipaka rangi ya kucha nyekundu ili ikiguswa tena nijue.