Thamani kamili kwenye maswali ya utoshelevu wa data

Katika GMAT, mtihani wa kuomba kujiunga na shahada za uzamili za biashara, swali la utoshelevu wa data halikutaki ulete jibu. Linataka useme kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Thamani kamili ya namba, inayoandikwa |x|, ni umbali wake kutoka sifuri, kwa hiyo haiwi hasi kamwe. Shika hilo vizuri.

Tuseme umeulizwa: je, x > 0?
Kauli ya 1: |x − 3| = 2x
Kauli ya 2: |x + 2| = 3

Anza na ya 2, ni nyepesi. x + 2 ni 3 au −3, hivyo x ni 1 au −5. Moja chanya, nyingine hasi: haitoshi.

Sasa ya 1, na ya 2 uisahau kabisa. x − 3 = 2x inatoa −3; x − 3 = −2x inatoa 1. Hapa ndipo wengi huteleza. Rudisha −3 kwenye mlinganyo: kushoto 6, kulia −6. Itupe. Imebaki 1 tu, kauli inatosha peke yake, jibu ni A (ya 1 peke yake inatosha, ya 2 peke yake haitoshi). Asiyehakiki hubaki na 1 na −3, huunganisha kauli zote mbili, huona 1 ndiyo ya pamoja, kisha huchagua C (zinatosha zikiwa pamoja tu) bila wasiwasi.

Kuna njia fupi zaidi: kushoto hakuwi hasi, basi 2x nayo si hasi, na x ikiwa 0, kushoto ni 3, kulia 0. Kwa hiyo x ni chanya.

“Hapana” ya uhakika nayo inatosha; isiyotosha ni “huenda”.