Getiwei ya sola kwa sensa za kiwandani: ninavyoifunga hapa Mwanza

Juzi nimefunga moja (kisanduku kinachokusanya vipimo vya sensa na kuvituma mtandaoni) na mafundi wa kiwanda cha minofu ya sangara, wakaniomba niwaandikie hatua. Haya.

1. Mahali. Jiwe la Mwanza likikaa kati ya sensa na antena, mawimbi ya LoRa (redio ya masafa marefu inayobeba vipimo vya sensa) yanaishia hapo. Simika mlingoti juu ya jiwe lenyewe. Sensa ya chumba cha baridi, ncha yake iwe ndani na boksi libaki nje ya ukuta wa bati.

2. Umeme. Getiwei yenye modemu ya 4G ikila wastani wa wati 5, kwa saa 24 ni wati-saa 120. Ukihesabu saa 5 za jua kali, paneli ya wati 24 inatosha, lakini kwenye karatasi tu. Mimi nafunga ya wati 80, kwa sababu masika hayana huruma. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti (LiFePO4), volti 12.8, Ah 50: ukitumia asilimia 80 tu unapata siku nne bila jua. Betri za asidi sitaki hata kuziona. Paneli itazame kaskazini, mwinamo digrii 10 hadi 15, ili mvua ioshe kinyesi cha ndege na wale wadudu wa ziwani.

3. Fyuzi, ethi, kinga radi. Hizi unazijua. Usiruke kinga radi. Ziwa hili lina radi kuliko sehemu nyingi duniani.

4. Saa ya getiwei. Hapa ndipo watu hukesha. Getiwei nyingi za bei nafuu hazina kibetri cha kutunza saa. Umeme ukikatika ukarudi, inaamka ikidhani ni mwaka 1970. Inaita seva kwa MQTT (njia ya kutuma vipimo), mlango (port) 8883. Seva inatoa cheti chake cha usalama. Getiwei inaona cheti hicho muda wake haujaanza, inakikataa. Taa zote za kijani, bando lipo, sensa zinasikika, dashibodi tupu. Watu wanabadilisha antena, wanabadilisha laini. Ingia ndani ya getiwei kwa kompyuta, andika `date`, usome mwaka.

Dawa ya kwanza ni NTP, yaani kuchukua saa kutoka mtandaoni. Ila NTP hupita mlango wa UDP 123, na baadhi ya laini za simu za mashine (M2M) zimezibwa mlango huo. Basi chukua saa kutoka GPS ya getiwei kama ipo, au ongeza moduli ya saa ya DS3231 yenye kibetri cha CR2032. Mimi naweka moduli hata kama NTP inafanya kazi. Kisha hakikisha programu ya MQTT haianzi kabla saa haijakaa sawa, na ikikataliwa ijaribu tena yenyewe. Vipimo vilivyohifadhiwa kabla ya hapo vitakuwa na tarehe ya 1970. Viweke kando, visiharibu grafu. Saa iwe ya UTC (saa ya kimataifa), dashibodi ndiyo iongeze saa tatu.

Kuna atakayekwambia uzime ukaguzi wa cheti, yaishe. Mkatalie. Ikishazimwa hakuna anayekumbuka kuiwasha.

5. Jaribio. Kabla ya kushusha ngazi, tenganisha paneli kwanza, kisha betri, na kama NTP au GPS inafanya kazi, kibetri cha saa kikiwepo kichomoe pia. Subiri kidogo. Rudisha vyote, betri ikitangulia paneli, halafu usiguse kitu. Kipimo kipya kikionekana kwenye simu yako chenye tarehe ya leo, shuka.