Kuunganisha fedha za kufufua mji mkongwe: hatua ninazofuata Iringa

Mfuko mmoja haufufui katikati ya mji mkongwe. Nimefanya kazi ya mipango miji Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, na kila jengo nililoliona likisimama tena lilibebwa na walipaji kadhaa. Boma la Mjerumani pale Iringa, ambalo leo ni makumbusho, lilifufuliwa kwa ubia wa Chuo Kikuu cha Iringa na fedha za Umoja wa Ulaya. Ugumu uko kwenye kuzipanga fedha zisigongane.

1. Jua jengo ni la nani, na linalindwa na nini

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Wajerumani walianza kuujenga mji wa Iringa mwaka 1896, kwa hiyo majengo yao hayapati ulinzi huo mpaka yatangazwe rasmi. Wafadhili wa urithi huuliza hilo mapema, basi anza na barua ya kuomba jengo litangazwe. Kisha tafuta hati. Nyumba nyingi za maduka ni za familia, na warithi wametawanyika. Bila saini zao usiandike andiko lolote la kuomba fedha.

2. Katakata kazi, kila kipande mpe mlipaji wake

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Nachukua karatasi ya manila, naandika kazi zote upande wa kushoto, halafu naulizia kila moja: nani anaruhusiwa kisheria kulipia hii?

Michoro, upimaji na tathmini ya kuta nawapelekea halmashauri, kwenye mapato ya ndani. Ni fedha ndogo, lakini mfadhili akiona Baraza la Madiwani limeshapitisha fungu, anakusikiliza kwa sikio jingine. Barabara na mitaro ni ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Usiichomeke kwenye andiko la majengo. Mfuko wa Jimbo (fedha za maendeleo za jimbo la ubunge) unafaa kwa vitu vidogo vya jamii, kama choo cha soko. Paa, mbao na kuta ndivyo vya mfadhili wa urithi. Mwenye nyumba abebe milango na baraza yake, hata kama ni kwa nguvu kazi.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) haikarabati jengo, ila ndiyo inayolijaza watu: mama lishe, fundi cherehani, wasusi wa vikapu vya Iringa. Jengo zuri lisilo na wapangaji huanza kuoza upya.

Kitu kimoja kisidaiwe kwa walipaji wawili. Mkaguzi akikuta bati moja lina stakabadhi mbili, mradi wote umekwisha.

3. Weka kalenda tatu kwenye ukurasa mmoja

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mfadhili ana kalenda yake. Mvua nayo ina yake: huku kwetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili.

Kuna nyumba tuliyoiezua Novemba tukitegemea awamu ya pili ya fedha. Fedha zikachelewa, mvua ikaja. Januari niligusa ukuta wa ndani na lipu ya chokaa ikabanduka mkononi kama ganda la yai lililochemshwa. Nililia. Tangu siku ile paa haliguswi mpaka fedha za kulifunga ziko benki.

4. Usimwegemee mkubwa

Mradi wa REGROW wa kukuza utalii Kusini, wenye dola milioni 150 za Benki ya Dunia, ulifutwa Novemba 2024. Kwa kila mlipaji jiulize: akijitoa kesho, kipande kipi kitasimama chenyewe?

5. Kwenye BOQ (orodha ya kazi, vifaa na gharama), andika chokaa

Usipoandika, fundi ataleta saruji. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa zamani, na utalipia kazi ileile mara ya pili.

6. Funga mkataba wa matunzo kabla ya ufunguzi

Sehemu ya pango iingie akaunti yake, yenye waweka saini wa halmashauri na wa wapangaji. Matumizi ya kwanza kila Oktoba ni kusafisha mifereji ya paa.