PLC ya pasteraiza: namna ya kupanga muda ili vali iwahi

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari anajua kufunga PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) kwenye paneli, kuvuta waya na kuandika lada (programu ya PLC inayochorwa kama ngazi) ya kuwasha pampu. Nimeuandika baada ya kumsaidia kijana wa kiwanda kidogo cha maziwa hapa Arusha. Joto la mtambo wake lilikuwa likicheza, na kila fundi aliyeitwa alibadilisha sensa. Sensa zilikuwa nzima. Kilichoharibika ni mpangilio wa muda.

Pasteraiza ya mtiririko hupasha maziwa hadi angalau nyuzi 72 na kuyaweka kwenye joto hilo kwa sekunde 15 ndani ya bomba maalumu. Mwishoni mwa bomba kuna sensa, na mbele yake vali ya kugeuza: joto likishuka, maziwa yarudishwe tangi la kuanzia. Kompyuta ya kazi hii haitoshi kuwa na kasi. Lazima iwahi kila mara, hata pale shughuli zote zinapoiangukia kwa pamoja. Jibu sahihi likichelewa, maziwa mabichi yameshapita.

Hatua ya 1: Jua una muda kiasi gani

Acha laptopu kwenye begi, chukua futi. Pima umbali kutoka kwenye ncha ya sensa hadi kwenye vali, na kipenyo cha ndani cha bomba. Chukua mtambo wa lita 500 kwa saa: hiyo ni lita 0.139 kwa sekunde. Bomba la milimita 22 kwa ndani lina eneo la sentimita za mraba 3.8, kwa hiyo maziwa yanakwenda sentimita 36 hivi kwa sekunde. Vali ikiwa sentimita 40 mbele ya sensa, una sekunde 1.1. Huo ni wastani tu, maana maziwa ya katikati ya bomba hukimbia kuliko ya pembeni. Mimi hukata nusu na kubaki na milisekunde 550.

Muda huo unagawanywa kati ya vali yenyewe kugeuka, kichujio cha moduli ya analogi (kinacholainisha usomaji wa sensa), mzunguko wa programu na rilei. Vali ipime kwa macho yako. Kichujio nacho kiangalie kwenye mipangilio, kwa sababu kikiwekwa kizito kinakula muda wote peke yake. PT100 (sensa ya joto inayosomwa kwa omu) iliyozamishwa kwenye ala nene ya chuma huchelewa kwa sekunde kadhaa, na hapo hakuna programu ya kukuokoa: nunua yenye ncha nyembamba. Kwa sababu hata hiyo huchelewa kidogo, nyuzi za kugeuzia mimi huweka 73. Hesabu ikigoma, sogeza vali mbele zaidi.

Hatua ya 2: Pima sensa

Waya tatu, kebo yenye ngao, ngao ifungwe ardhi upande wa paneli peke yake, na kebo ipite mbali na ile ya inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota). Kwenye barafu inayoyeyuka multimita isome omu 100. Kwenye maji yanayochemka usitafute 138.5, hiyo ni ya nyuzi 100. Arusha mjini tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na usomaji sahihi ni karibu 136.6. Moshi iko chini zaidi, huko ni nyuzi 97 hivi. Kuna sensa nzima zinazotupwa kwa sababu tu fundi anasubiri 138.5 isiyoweza kufika.

Hatua ya 3: Gawa programu kwenye taski tatu

Hapa soma polepole. Taski ni sehemu ya programu inayoitwa kila baada ya kipindi maalumu.

PLC ina mzunguko mkuu: inasoma viingizo, inapitia programu kuanzia juu hadi chini, inaandika vitoleo, inaanza upya. Urefu wa mzunguko huo haulingani. Kijana yule alikuwa ameweka kila kitu humo: vali, PID (hesabu yenye sehemu za P, I na D, inayofungua na kufunga vali ya mvuke ili joto litulie), skrini, na mawasiliano na mita ya mtiririko kwa lugha ya Modbus. Kwenye PID alikuwa ameandika kwamba inaitwa kila baada ya milisekunde 100.

Ukweli ulikuwa mwingine. Skrini ikiwa kwenye ukurasa wa kwanza, mzunguko ulichukua milisekunde 12. Ukifungua ukurasa wa grafu, programu ilianza kusoma rejista 20 (namba 20) za mita kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Ombi na jibu kwa pamoja ni baiti 53, karibu milisekunde 60 kwenye waya, na programu ilisimama kusubiri. Mzunguko ukafika 70 na zaidi. Sehemu ya I ya PID hujumlisha kosa (tofauti ya joto linalotakiwa na lililopo) kila inapoitwa, ikiamini kila mara zimepita 100. Kwa hiyo ukurasa wa grafu ukifungwa, ilijumlisha karibu mara sita ya ilivyokuwa ukurasa ukiwa wazi.

Sasa fikiria fundi anavyofanya kazi. Anafungua grafu, anarekebisha PID mpaka mstari utulie, anafunga, anaondoka. Joto linaanza kucheza. Anaitwa tena, anafungua grafu, mstari umetulia. "Kaka, mkija nyie inatulia, mkiondoka inaanza," ndivyo kijana alivyoniambia, na alikuwa sahihi kabisa. Hitilafu inayojificha mbele ya mafundi itafute kwenye muda kabla ya kugusa waya.

Kulikuwa na baya zaidi. Mita ikizimwa, programu ilisubiri jibu sekunde nzima, na ukaguzi wa vali ukasimama pamoja nayo. Bajeti yetu yote ni milisekunde 550.

Panga hivi. Taski ya milisekunde 10: kulinganisha joto na kugeuza vali, basi. Taski ya milisekunde 200: PID. Taski ya sekunde 1: skrini, Modbus, kumbukumbu. Yenye kipindi kifupi ipewe kipaumbele cha juu, iweze kuikatiza nyingine katikati. Watafiti Liu na Layland walionyesha mwaka 1973 kwamba kwa taski tatu za namna hii, jumla ya matumizi ya prosesa isipovuka asilimia 78, zote zitawahi. Hesabu ni nyepesi, muda ambao taski inafanya kazi gawanya kwa kipindi chake: 2 kwa 10, kuongeza 10 kwa 200, kuongeza 150 kwa 1,000, unapata asilimia 40. Tumia muda mrefu kabisa uliopimwa kwa kila taski, wastani haufai hapa.

Kuna mitego. PLC nyingine husasisha viingizo vya analogi mwishoni mwa mzunguko mkuu tu, hivyo taski yako ya milisekunde 10 inasoma joto la zamani mara nyingi mfululizo; tumia amri ya kusoma papo hapo, na ya kuandika papo hapo kwa vali. Muda wa PID uandike 200 ule ule, ukiangalia kizio, kwani kuna PLC ambazo PID yake hutaka sekunde. PID usiiweke nyuma ya sharti kwenye lada. Ukitaka isimame, ipeleke kwenye hali ya mkono. Joto lililowekwa na mwendeshaji linakili mara moja mwanzoni mwa taski, maana taski ya skrini inaweza kukatizwa ikiwa imeandika nusu ya namba. Mlinzi wa muda wa PLC (anayeisimamisha mzunguko ukizidi kikomo) usimrefushe ili kunyamazisha kosa.

Kisha pima. Ndani ya kila taski hifadhi muda mfupi na mrefu kabisa kati ya wito na wito, na uache mtambo ufanye kazi siku nzima, kurasa zote zikifunguliwa na kufungwa.

Hatua ya 4: Rekebisha PID

Weka hali ya mkono, sogeza vali ya mvuke kutoka asilimia 40 hadi 50, angalia joto linachelewa sekunde ngapi kabla ya kuanza kupanda. Kanuni za Ziegler na Nichols za mwaka 1942 za kuchagua namba za PID bado zinatosha kuanzia. Mimi huchukua nusu ya nguvu ya P wanayotoa. Tumia P na I, D iwe sifuri. Vali ikifika mwisho, I isimame kujumlisha.

Hatua ya 5: Skrini

Kompyuta ya Windows ni ya kutazamia na kutunza kumbukumbu. Udhibiti haupiti humo.

Hatua ya 6: Jaribu kuuharibu, ukitumia maji

Chomoa waya wa sensa. PT100 iliyokatika mara nyingi husomeka kama joto la juu sana, na programu isiyo makini itaona mambo safi. Usomaji wowote nje ya mipaka uhesabike kuwa hitilafu na vali igeuke. Kata hewa inayosukuma vali, zima umeme, peleka PLC kwenye kusimama: kila mara springi irudishe vali upande wa kugeuza. Zima mita ya mtiririko huku ukishusha joto, uone kama vali bado inawahi.

Muda mrefu kabisa uliopima kwa kila taski uandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, uibandike ndani ya mlango wa paneli. Atakayeongeza chochote kwenye programu apime upya na kuandika chini yake.